Manowari Ilipotoa Salamu

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na katika miaka yote hiyo nilikuwa naichora Mombasa ubaoni bila kuwahi kuiona. Nachora kisiwa, nachora ngome ya Wareno upande wa mashariki, nachora mishale ya manowari za Wareno zikija na za Waomani zikiwafuata. Halafu upande wa pili naandika Kilindini, mahali ambapo Waingereza waliegesha manowari zao wakati wa vita vya pili vya dunia. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, tunaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimefika.

Aliyeniuliza ni binti yangu. Alikuwa na miaka kumi, mtoto wetu wa pekee, na alikuwa amekaa kwenye kochi kwetu Gongo la Mboto akinitazama nikisahihisha mitihani.

"Baba, kwani we umeshaendaga huko Mombasa?"

"Bado, mama."

"Sasa unajuaje?"

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani. Alicheka mpaka akatoa mguu kwenye pedeli. Yeye ni mshonaji, mzaliwa wa Temeke, na dada yake mkubwa aliolewa Mombasa kabla sisi hatujajuana. Kila mwaka dada huyo alikuwa akitualika, na kila mwaka nilikuwa na sababu. Mwaka ule likizo ya Juni ilipofika nikakosa sababu. Tukapanda basi alfajiri, tukavuka mpaka wa Horohoro, na jioni tukawa tumeketi ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe katika Mji wa Kale, tunakula mahamri na mbaazi za nazi.

Mume wa dada wa mke wangu, mwanyumba wangu, alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya chini. Amefanya kazi maisha yake yote kwenye karakana ya kutengenezea meli na sasa amestaafu. Binti yangu alimwamkia, "Shikamoo baba mkubwa," naye akaitikia "Marahaba" ndefu, akamkalisha kando yake, akawa anammenyea machungwa muda wote wa maongezi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri mno. Sijui nizielezeje bila kuonekana najisifu. Niliingia katika ile ngome nikajikuta naijua. Nilijua lango liko wapi, nilijua kwa nini kuta zimepinda vile, nilijua upande gani meli zilitokea. Nilimpandisha binti yangu juu ya mzinga wa kale uliolala uani, nikamweleza jinsi ulivyokuwa ukijazwa baruti na risasi ya chuma kubwa kama boga. Wageni wawili waliotoka Kisumu walinifuata nyuma karibu saa nzima wakidhani mimi ni mwenyeji ninayetembeza watalii. Mke wangu akaninong'oneza, "Mwalimu, watoze hela basi." Yeye huniita Mwalimu hata nyumbani.

Jioni ya siku ya pili, baada ya chakula, mwanyumba wangu akaniuliza:

"Gongo la Mboto si ndiko kwenye yale mabomu?"

Nikasema ndiko.

"Nanyi mulikuwapo?"

Hapo akawa amenifungulia mlango, maana ile habari ndiyo habari yangu. Nimeisimulia ofisini kwa walimu wenzangu, nimeisimulia kwenye misiba na harusi, na kila mara watu hucheka na kunyamaza palepale ninapotaka wacheke na wanyamaze.

Nikamsimulia kama kawaida. Tulikuwa hatujamaliza hata mwaka tangu tuoane. Tumepanga chumba kimoja, si mbali na kambi ya jeshi. Jioni hiyo mimi nilikuwa bafuni, bafu la uani lenye mlango wa bati, kichwa kimejaa povu la sabuni, mara ardhi ikaruka. Ghala la silaha lilikuwa limeshika moto. Makombora yakawa yanapaa na kupiga mluzi juu ya mapaa, mbingu imekuwa nyekundu, watu wanapiga yowe. Nikatoka bafuni nimejifunga khanga ya mke wangu, povu linaniingia machoni, nikamshika mkono, nikamwambia twende. Tukakimbia. Sikumwachia mkono mpaka Pugu. Na kulipopambazuka, mimi mwalimu mzima nikawa nimesimama barabarani na khanga ya maua, mwanafunzi wangu mmoja ananiamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu."

Mwanyumba wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Binti yangu, aliyekuwa ameisikia mara nyingi, akacheka naye. Mke wangu alikuwa ameinuka kabla sijafika Pugu. Alikusanya sahani akaenda jikoni kwa dada yake. Sikuona neno. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote, na siku zote nilidhani amechoka kusikia jambo lilelile.

Siku ya tatu mwanyumba wangu akatuambia kuna manowari ya kigeni itaingia bandarini asubuhi ile. Alikuwa amepata habari kwa wenzake wa zamani wa karakana.

"Mpelekeni mtoto akaione. Simameni pale kwenye bustani juu ya mkondo wa Likoni, itapita mbele yenu karibu mno, mtawaona na mabaharia nyuso zao."

Yeye mwenyewe magoti yalimsumbua, akabaki na mkewe. Tukaenda watatu.

Ile bustani iko juu ya mwamba, na chini yake ndipo meli zote zinapopita kuingia Kilindini. Watu walikuwa wengi, familia zenye watoto, wanafunzi, wauza kashata na madafu. Mpiga picha mmoja, mtu mzima aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi, akanisogelea. Akasema atatupiga picha na manowari nyuma yetu, na nikija kesho yake nitazikuta tayari. Nikakubali. Mke wangu alikuwa ameshakwenda upande wa pili wa bustani kutununulia mihogo ya kukaanga.

Meli ikaja. Ilikuwa ya kijivu, ndefu, imekaa majini bila mbwembwe. Mabaharia walikuwa wamejipanga ubavuni kwa sare nyeupe, kila mmoja ameacha nafasi sawa na mwenzake, hawatikisiki. Binti yangu aliwapungia mkono. Mpiga picha akasema, "Mzee, mshike mtoto. Tabasamu." Nikamwekea binti yangu mkono begani.

Mzinga wa kwanza ukalia.

Kilichofuata ninacho kichwani hadi leo, kizima, kama jambo lililotokea kweli. Nilimshika binti yangu mabega yote mawili, nikamlaza chini kwenye nyasi, nikamfunika kwa mwili wangu. Nilisikia harufu ya mafuta aliyopakwa kichwani na mama yake asubuhi. Nikamwambia, "Usiinuke." Halafu nikainuka nikaenda kumtafuta mama yake.

Baada ya hapo niko chini ya mkokoteni wa muuza madafu, ng'ambo ya barabara, magoti yangu yamegusa kidevu, mguu mmoja hauna ndala. Midomo yangu inatamka kitu ambacho sikisikii. Mizinga inaendelea kulia, kimya kifupi, mlio, kimya kifupi, mlio. Muuza madafu alikuwa amechuchumaa ananitazama, panga lake amelishusha chini pembeni ili nisiliogope.

"Toka, babangu," akasema. "Ni salamu tu. Meli yasalimu bandari."

"Wanapiga," nikamwambia.

"Wapiga hewa. Hamna kitu ndani. Hiyo ni ya kumi na nne, zabaki saba."

Alikuwa anahesabu. Mimi, ambaye nimewafundisha watoto wa watu kwamba mgeni wa heshima hupigiwa mizinga ishirini na moja, na kwamba desturi hiyo ilitoka kwenye manowari zilizokuwa zikifyatua mizinga yote ili kuonyesha kwamba zimekuja kwa amani, nilibaki chini ya ule mkokoteni mpaka wa ishirini na moja. Ndipo nikatambaa nikatoka. Moshi wa baruti ulikuwa unapita juu ya maji, na watu ng'ambo walikuwa wanapiga makofi.

Nilivuka barabara na ndala moja. Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yetu, anamfuta kidevu kwa pindo la mtandio wake. Mtandio ulikuwa na damu. Mihogo ilikuwa imemwagika kwenye nyasi. Binti yangu aliponiona, alizunguka akasimama nyuma ya mama yake.

"Umeumia wapi, mama?" nikamwuliza.

Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Baba, kwa nini umenisukuma?"

"Sijakusukuma, mama. Nilikulaza chini. Nilikufunika."

Alimtazama mama yake, halafu akanitazama mimi tena. Hakuwa na hasira wala hakubisha. Alikuwa ameshangaa tu, na mshangao wake ndio ulioanza kunitia baridi.

"Twendeni nyumbani," mke wangu akasema.

Mwanyumba wangu alipopewa habari alijilaumu sana. Alisema kosa ni lake, angejua angetuambia kuhusu salamu za mizinga, akarudia hivyo mpaka nikamwonea huruma. Mkewe alimsafisha mtoto kidonda, kilikuwa mchubuko tu. Mimi nikawaeleza wote jinsi ilivyokuwa. Nilimlaza chini, labda nilimlaza kwa nguvu, nikamfunika, halafu nikaenda kumtafuta mama yake nikachanganyikiwa. Walinisikiliza. Binti yangu alikuwa anakunywa chai, macho ameyaweka ndani ya kikombe.

Kesho yake asubuhi nilikwenda peke yangu kwa yule mpiga picha. Niliona vibaya kumwacha mtu aliyefanya kazi yake, na pia nilitaka picha nzuri ya kumpelekea mtoto, ile tuliyopiga kabla ya mlio. Nilimkuta palepale. Aliponiona alipunguza tabasamu.

"Mzee, chukua hii moja," akasema, akanipa iliyokwisha chapishwa. Mimi na binti yangu, manowari nyuma, sote tunacheka.

"Ziko ngapi?"

"Kamera ilikuwa yapiga mfululizo. Lakini hii ndiyo nzuri."

"Nionyeshe zote."

"Si lazima, mzee."

"Nionyeshe, ndugu yangu."

Akazifungua kwenye kioo cha kamera. Zilikuwa sita. Ya kwanza ni ile tunayocheka. Ya pili uso wangu umebadilika, mdomo uko wazi, macho hayatazami kokote, na mtoto bado anacheka. Ya tatu mikono yangu miwili iko mabegani mwake. Hapo moyo wangu ulitulia, nikataka kumwambia mpiga picha, unaona, nilikuwa namlaza. Akabonyeza kitufe. Ya nne, mikono yangu imenyooka, na binti yangu yuko hewani, anaanguka kwa mbele, kidevu kimetangulia. Nilikuwa nimemsukuma kama mtu anavyosukuma mlango uliomzuia kutoka. Ya tano ni mgongo wangu. Ya sita mimi simo kabisa. Yumo mtoto chini, ameinua kichwa, anatazama upande niliokwenda.

Niliitazama ile ya nne muda mrefu. Nilikuwa natafuta mahali ambapo nimemfunika. Nilimwomba azirudie tangu mwanzo, akazirudia. Hapakuwa na nafasi. Kati ya ile ya nne na ile ya tano hapakuwa na muda wa mtu kulala chini na kuinuka.

"Watu wengi huruka mizinga ikilia," mpiga picha akasema taratibu. "Si wewe pekee."

Nilimshukuru. Nikamwomba anitumie zote kwenye simu, kisha nikakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani. Kama ni kukimbia tu, ningeona aibu ikaisha. Kilichonishtua ni ile harufu ya mafuta ya nywele. Nilikuwa naisikia. Hata pale ukutani, nikiwa nimezishika picha mkononi, nilikuwa naikumbuka ile harufu na ule mwili mdogo chini yangu, wakati nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba jambo lile halikutokea. Nani alikuwa ameniwekea jambo hilo kichwani, na kwa muda gani? Nilikuwa nimekaa chini ya mkokoteni kwa dakika chache tu.

Niliporudi, mke wangu alikuwa juu darini anaanika nguo. Nyumba zile zina dari lililo wazi juu kabisa, na unaona mapaa ya mji wote. Nikampa simu. Akaifuta mikono yake kwanza, akaangalia picha moja moja, akanirudishia.

"Ulikuwa unajua?" nikamwuliza.

"Nilikuona. Nilikuwa nakuja na mihogo, nikakuona."

"Mbona jana nilivyokuwa naeleza hukusema?"

"Ningesema nini mbele ya watu?"

"Ungeniambia mie. Tukiwa wawili."

Alichukua shati langu kutoka kwenye beseni, akalikung'uta, akalianika. Alilinyoosha kola kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," akasema, "nikwambie kitu? Lakini usinikatize."

Nikasema sitamkatiza.

"Siku ya mabomu hukunishika mkono."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimefungua mdomo nicheke.

"Ulitoka bafuni ukapita uani mbio, ukatoka getini. Mimi sikukuona, niliambiwa. Pugu nilifika asubuhi na mama mwenye nyumba. Tulikukuta umekaa kando ya barabara na ile khanga. Ulivyoniona ulilia. Ulilia mpaka ukatapika. Nikakuambia basi, nyamaza, si tuko wazima."

"Nilikushika mkono," nikasema. "Nakumbuka. Ulikuwa na pete, pete ilikuwa inaniumiza vidole, na sikuachia."

"Hukunishika."

"Sasa nilimshika nani?"

"Sijui, baba. Kama ulimshika mtu, mimi simjui."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya dari, katikati ya maji yaliyokuwa yanadondoka kutoka kwenye nguo. Chini barabarani mtu alikuwa ananadi kahawa. Nilijaribu kuuona tena uso wa mke wangu jioni ile, akikimbia kando yangu. Mwaka hadi mwaka nilikuwa nimesema alikuwa kando yangu. Niliona mkono, niliona pete, nilisikia anavyohema. Uso haukuja. Nilikuwa sijawahi kugundua kwamba uso haupo.

"Na umeniacha nasimulia miaka yote hii," nikamwambia.

"Mwanzo nilidhani unajificha, unaona aibu. Nikasema mwache, itapita. Halafu siku moja, kwenye harusi ya binamu yangu, nikakutazama unavyosimulia, nikaona Mungu wangu, huyu anaamini. Ungekuwa unadanganya ningekuumbua palepale. Lakini ulikuwa unaamini. Sasa mtu anayeamini unamwambiaje?"

"Ulikuwa unakwenda jikoni."

"Nilikuwa siwezi kukaa."

Hakusema kwa ukali. Alikaa kando yangu palipolowa, na tukabaki hapo mpaka dada yake akatuita chakula.

Tulikuwa tumebakiza siku nne za likizo na tulizikaa zote. Mtu angedhani tungefunga mizigo, lakini mtoto alitaka kwenda kuona mamba, na kuona samaki wa rangi chini ya mashua yenye kioo, na tukampeleka. Alikuwa anatembea upande wa mama yake. Tukifika mahali pa kuvuka barabara, alikuwa anampa mama yake mkono, na mimi nikawa nabeba mfuko. Sikumlazimisha. Sikumwambia neno, kwa sababu kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la kujitetea.

Tuliporudi Gongo la Mboto, Jumamosi ya kwanza nilikwenda Chanika, ambako yule mama mwenye nyumba wetu wa zamani amehamia kwa mwanawe. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu wangu. Mke hajambo?"

Nilimwambia nimekuja kumwuliza juu ya siku ya mabomu. Nilimwomba asinionee haya, aniambie kama alivyoona. Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo kwa vidole, kwa kupapasa tu.

"Wewe ulitoka," akasema. "Mlango wa bati ukajipiga ukakwama nyuma yako. Mkeo alikuwa chumbani. Kutoka akakuta mlango wa bafu umefungwa, akajua umo. Akawa anaupiga ule mlango, anakuita, anakuita. Mie namwambia ametoka, twende, hanisikii, anasema mume wangu yumo ndani, labda ameanguka. Vipande vinadondoka uani, mwanangu, bati la jiko liliruka mbele ya macho yangu. Hataki kuondoka. Nikamburuta. Nilimburuta kwa nywele, Mungu anisamehe."

Nilikuwa sijui. Mke wangu aliniambia pale darini kwamba nilikimbia. Hakuniambia kwamba yeye alibaki, wala kwamba alibaki kwa ajili yangu, akipiga mlango wa bafu lisilo na mtu.

"Alipofika Pugu alikuwa na mikono imevimba," mama yule akaendelea. "Kwa kule kupiga bati. Hukuiona?"

Sikuiona. Au niliiona, nikaitoa, nikaweka pete mahali pake. Sijui tena namna ya kupambanua. Nimefundisha wanafunzi kwamba shahidi aliyekuwapo ni bora kuliko aliyesimuliwa, na mimi nilikuwapo.

Nilimwuliza kama anajua mtu yeyote aliyekimbia nami, mwanamke yeyote mwenye pete. Hakujua. Alisema watu walishikana ovyo siku ile, watu wasiojuana, wengine walifika Kisarawe wamebeba watoto wa wenzao. Inawezekana nilimshika mtu kweli. Inawezekana kuna mwanamke mahali fulani anayesimulia juu ya mwanamume mwenye povu kichwani aliyemvuta mpaka Pugu. Na inawezekana hayupo. Nilimsaidia mama yule kumalizia mchele wake, nikaaga.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anapima nguo ya mteja. Nilisubiri mteja aondoke. Nilimwambia nimetoka Chanika. Alijua mara moja nimeambiwa nini, akavua futi shingoni akaikunja.

"Ulibaki," nikasema.

"Nilijua umo ndani."

"Pole."

Lilikuwa neno dogo mno, na lilikuwa limechelewa mno, na bado lilinichukua muda kulitoa. Alikaa. Alilia kidogo, mara ya kwanza mimi kumwona analia kwa habari ile. Tangu siku ile hadi leo, aliyekuwa amelia ni mimi peke yangu. Nikamwacha alie. Nilitaka kumshika, nikajizuia, kisha yeye mwenyewe akaegemea.

Kwa binti yangu ilibidi niende kwa namna nyingine. Nilimkuta siku moja uani anafua soksi za shule. Nikavuta ndoo nikaigeuza, nikaikalia. Nikamwambia nimeziona picha za Mombasa zote sita, na kwamba yeye alisema kweli. Nilimsukuma. Nilikuwa nimekosea kumbishia.

"Kwa hiyo ulikuwa unadanganya?"

"Sikuwa nadanganya. Nilikuwa nakumbuka vibaya. Hata ile ya mabomu ninayowasimuliaga watu, nayo nilikuwa nakumbuka vibaya. Sikumshika mama mkono. Nilikimbia peke yangu."

Aliacha kufua. Povu lilikuwa limemfika kwenye viwiko.

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyeniambia."

Alifikiri. Ana tabia ya kuuma ulimi pembeni akifikiri, tangu mdogo.

"Sasa mabomu yakija tena utafanyaje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na sentensi nzima iliyoandaliwa, ya baba kwa mtoto wake. Nikaiangalia nikaona ni kama ile habari ya khanga, imetengenezwa vizuri, inang'aa.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Kwa kweli sijui."

Akaanza tena kufua, soksi moja baada ya nyingine, akizikamua na kuzipanga kwenye ukingo wa beseni.

"Likizo ya Desemba twende kwa bibi Singida," akasema. "Kule hamna bahari."

Nikasema nitamwuliza mama yake. Akanipa soksi tatu nimsaidie kukamua.